Je, Wajua? Bangi Ikishahalalishwa, Nani Anashika Mizani?

Ubishi wa bangi iruhusiwe au isiruhusiwe una wenyewe, na leo tunawaachia. Safu hii inawafuata watu wasiopigiwa makofi na upande wowote: wale wanaoitwa na serikali baada ya kura, au afadhali kabla yake, wawaambie wakubwa ni gramu ngapi, bei gani, kodi ipi, na miaka mitano baadaye utajuaje kama sheria ilifanya ulichokusudia.

Je, wajua kwamba mojawapo ya tume kubwa kabisa za serikali kuhusu bangi iliundwa kabla reli ya Mombasa haijaanza kujengwa? Mwaka 1893, baada ya suala hilo kuulizwa katika Bunge la Uingereza, serikali ya kikoloni ya India iliteua tume ya watu saba, watatu kati yao Wahindi. Walisikiliza mashahidi 1,193, wakaandika ripoti ya kurasa zaidi ya 3,000. Ushauri wao: msipige marufuku, tozeni kodi, toeni leseni. Lakini sehemu tamu ya kazi yao ni ya hospitali za wagonjwa wa akili. Ilivuma kwamba wodi zimejaa wavuta bangi, na daftari za hospitali zilionyesha hivyo hivyo. Tume ikauliza swali la karani: nani aliyeandika neno "bangi" kwenye safu ya chanzo cha ugonjwa? Ikabainika kwamba mara nyingi ni polisi aliyemleta mgonjwa, ambaye hakumjua wala kujua ukoo wake, na safu ile ilitakiwa ijazwe. Kesi zilipochunguzwa upya, nyingi hazikusimama. Zaidi ya karne moja imepita na bado kuna serikali zinazosoma safu ya namna hiyo bila kuuliza aliyeijaza.

Je, wajua kwamba wananchi wa jimbo la Washington, Marekani, walipopiga kura ya kuhalalisha bangi Novemba 2012, kazi ya kuandika kanuni iliiangukia bodi ya pombe? Bodi ile ilijua bia na wiski. Bangi ilikuwa ngeni kwake, na sheria iliipa takriban mwaka mmoja tu. Ikatangaza zabuni ya washauri, na mapema 2013 ikamchukua Mark Kleiman, profesa wa sera za umma wa UCLA, na kampuni yake ya BOTEC, wakishirikiana na watafiti wa taasisi ya RAND. Kleiman, aliyefariki 2019, hakuwa mshabiki wa marufuku wala wa biashara huria. Alichokihofia zaidi ni kampuni ambazo faida yao itategemea wale wanaovuta asubuhi, mchana na jioni.

Swali la kwanza la bodi lilikuwa jepesi kulisikia na gumu kulijibu: watu wa jimbo hili huvuta kiasi gani kwa mwaka? Bila jibu, huwezi kujua utoe leseni ngapi za kulima. Makadirio ya RAND kwa mwaka 2013 yalikuwa kati ya tani 135 na tani 225. Pengo la tani 90! Wengine walicheka. Mimi naona pengo hilo ndilo lililokuwa na thamani ya fedha iliyolipwa, maana lilisema ukweli: bidhaa ya magendo haina risiti, na mvutaji ukimuuliza atakutajia misokoto, si gramu. Ilibidi waliohojiwa mtandaoni waonyeshwe picha za vipimo ili wakadirie. Mshauri anayekuletea namba moja safi, isiyo na pengo, mwogope.

Je, wajua kwamba ukihesabu vichwa vya wavutaji unaweza kukosa karibu kila kitu? Nchini Marekani, wanaotumia kila siku au karibu kila siku hawafiki nusu ya wote waliotumia ndani ya mwezi, lakini humaliza takriban asilimia 80 ya bangi yote. Jonathan Caulkins wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa tafiti za kitaifa za miaka mingi. Mwaka 1992 watumiaji wa kila siku au karibu kila siku hawakufika milioni 1. Mwaka 2022 walikuwa milioni 17.7, wakiwazidi wanywaji wa pombe wa kila siku au karibu kila siku, milioni 14.7. Kwa hiyo ripoti inayosema "watumiaji wameongezeka kidogo" inaweza kuwa ya kweli neno kwa neno na bado isikuambie lolote la maana. Dai siku na gramu.

Kodi sasa. Kodi ya bangi ina njia tatu kuu, na kila njia ina mwizi wake.

Ukitoza asilimia ya bei, bei ikianguka na mapato yanaanguka. Na bei huanguka kweli. RAND ilikadiria mwaka 2010, California ilipokuwa ikijiandaa kwa kura ya Pendekezo la 19 la kuhalalisha bangi, kwamba bei kabla ya kodi ingeweza kushuka kwa zaidi ya asilimia 80, kutoka kama dola 375 kwa aunsi hadi dola 38. Kura ile ilishindwa, lakini utabiri wa kushuka kwa bei ulikuja kuonekana kwingine kulikohalalishwa. Sababu haihitaji digrii: mkulima haramu hulipwa pia kwa hatari ya jela, na hatari ikiondoka, malipo yake yanaondoka nayo.

Ukitoza kwa uzito, mkulima atalima bangi kali zaidi ili kila gramu inayotozwa ibebe ulevi mwingi. Canada iliweka dola 1 kwa gramu au asilimia 10, ipi iwe kubwa. Sheria ilipoandikwa ilionekana kodi ndogo. Bei ikateremka, dola ile haikuteremka, na wenye mashamba wakaanza kupiga kelele.

Ukitoza kwa nguvu, yaani kwa kiasi cha THC, kemikali inayolevya, umekaribia lengo la afya, lakini umeiweka kodi mikononi mwa maabara, na maabara huchaguliwa na kulipwa na mkulima mwenyewe. Connecticut hutoza kwa miligramu. Illinois hutoza asilimia 10 kwa bidhaa isiyozidi THC ya asilimia 35 na asilimia 25 kwa inayozidi. New York ilianza na miligramu, wafanyabiashara wakalalamika kwamba hesabu zake ni mzigo, na Juni 2024 jimbo likahamia kwenye asilimia 9 ya bei ya jumla.

Washington yenyewe ilianza kwa kutoza asilimia 25 mara tatu: kwa mkulima, kwa msindikaji, kwa muuzaji. Julai 2015 ikafuta zote ikaweka asilimia 37 dukani. Anayebuni sheria aandike ndani yake namna ya kurekebisha kodi bila vita bungeni, kwa kuwa kiwango cha kwanza huwa hakidumu.

Je, wajua kwamba Uruguay, nchi ya kwanza duniani kuhalalisha bangi kwa watu wazima kitaifa, Desemba 2013, huiuza kwenye maduka ya dawa? Mnunuzi hujiandikisha kwanza, na kikomo ni gramu 40 kwa mwezi. Kuna njia nyingine mbili: kulima mwenyewe miche isiyozidi sita, au kujiunga na klabu ya watu 15 hadi 45. Mtu huchagua njia moja tu kati ya tatu. Mgeni haruhusiwi. Rais wakati ule, José Mujica, hakuwa na nia ya kuvuta watalii. Alitaka kuwapokonya walanguzi soko.

Mauzo yalianza Julai 2017, maduka 16, bei kama dola 1.30 kwa gramu. Wabunifu walikuwa wamefikiria mbegu, ulinzi wa mashamba, alama za vidole za wanunuzi. Pigo likatokea benki. Sheria za Marekani dhidi ya fedha za dawa za kulevya ziliyatisha mabenki ya Montevideo, nayo yakayaambia maduka yachague: bangi au akaunti. Nchi huru, bunge lake limepitisha sheria, na duka la dawa la mtaani linafungiwa akaunti kwa sababu ya sheria ya nchi nyingine. Tangu hapo, sura ya benki haikosekani katika ripoti ya mshauri yeyote makini.

Je, wajua kwamba Oregon ililima bangi ya miaka sita na nusu? Ndivyo ripoti ya mamlaka ya jimbo ilivyosema Januari 2019: akiba iliyokuwapo kwenye mfumo ingetosha mahitaji kwa muda huo. Leseni za kulima zilikuwa hazina ukomo na ada yake si kubwa. Mwaka huohuo bunge la jimbo likasimamisha leseni mpya. Bangi iliyozidi haiwezi kuvuka mpaka kihalali hata kwenda jimbo jirani lililohalalisha, kwa kuwa sheria ya shirikisho inakataza. Iliyokosa mnunuzi ilikwenda wapi? Polisi wa majimbo ya mashariki wana majibu yao.

Je, wajua kwamba Thailand iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022 kabla ya kuwa na sheria ya kuisimamia? Muswada ulikuwa bado bungeni, na haukupita. Maelfu ya maduka yakafunguliwa. Juni 2025 serikali ikageuka, ikaagiza kwamba maua ya bangi yauzwe kwa cheti cha daktari tu. Kati ya tarehe hizo mbili hakukuwa na utaratibu wa kisheria wa kuruhusu starehe. Kulikuwa na pengo tu, na watu wakaingia humo na mitaji yao. Kulifunga duka lililokwisha kulipiwa kodi ya pango ni vigumu kuliko kulinyima leseni tangu mwanzo.

Vermont ilikwenda kinyume kabisa. Mwaka 2014 bunge lake liliagiza utafiti kwanza. Ripoti ya RAND ilitoka Januari 2015 na kuorodhesha njia kumi na mbili badala ya marufuku ya kawaida: kupunguza adhabu, kuruhusu kulima nyumbani, klabu, mashirika yasiyo ya faida, ukiritimba wa serikali, hadi soko huria kama la bia. Naipenda orodha hiyo kuliko ripoti zote za aina yake, kwa kuwa iliua ule ubishi wa vyumba viwili, marufuku huku na maduka yenye taa za rangi kule. Vermont ikaruhusu kulima na kumiliki tu mwaka 2018. Maduka yalifunguliwa Oktoba 2022.

Na ukiritimba je? Marekani ni mgumu, kwa sababu mtumishi wa jimbo anayeuza bangi anavunja sheria ya shirikisho akiwa kazini. Hata hivyo, mji mdogo wa North Bonneville, Washington, ulithubutu kufungua duka lake wenyewe mwaka 2015. Quebec, Canada, haikuwa na kikwazo hicho: huko muuzaji wa rejareja ni kampuni ya serikali peke yake.

Quebec inatupa pia somo ambalo hakuna aliyelipanga. Canada iliporuhusu bangi ya kula kuanzia Oktoba 2019, Quebec ilikataa peremende, chokoleti na vitamu vyote vya kuvutia watoto. Ontario, Alberta na British Columbia ziliruhusu. Watafiti wakapata bila gharama kile ambacho kwa kawaida hununuliwa ghali: nchi moja, sheria moja ya shirikisho, na tofauti ya vitamu. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliolazwa hospitali baada ya kula bangi kwa bahati mbaya waliongezeka sana katika yale majimbo matatu baada ya vitamu kuingia sokoni. Quebec haikuona ongezeko kama hilo.

Colorado ilijifunza somo la vitamu kwa aibu. Maduka yalifunguliwa tarehe 1 Januari 2014, na katikati ya mwaka mwandishi wa safu wa New York Times, Maureen Dowd, akasimulia alivyokula chokoleti ya bangi hotelini Denver na kulala kwa muda wa saa nane akiwa taabani. Watu walimcheka. Wasimamizi hawakucheka. Tatizo lilikuwa la ubunifu: chokoleti moja ilikuwa na dozi za watu kadhaa, na bangi ya kula huchelewa kupanda, hivyo mtu huongeza kipande. Jimbo likabana kanuni za dozi ya miligramu 10 za THC na kifurushi kisichozidi 100, na baadaye kila kipande kikapigwa alama ya onyo. Oktoba 2017 zikapigwa marufuku peremende zenye umbo la mnyama, mtu au tunda. Canada ilikuwa ikitazama, ikaweka miligramu 10 kwa kifurushi kizima.

Je, wajua kwamba Shirika la Takwimu la Canada liliwauliza wananchi, Januari 2018, miezi tisa kabla ya kuhalalisha, wataje bei waliyonunulia bangi mtaani? Bila jina, mtandaoni. Serikali ikimuomba mnunuzi wa magendo msaada wa kitakwimu! Na ilipata majibu. Ilipima pia maji taka ya Halifax, Montreal, Toronto, Edmonton na Vancouver, kwa sababu mtu anaweza kumdanganya mhoji, lakini choo chake hakidanganyi. Bila kipimo cha kabla, kipimo cha baada ni hadithi tu. Kwa takwimu hizo shirika liliweza kuonyesha kwamba kufikia robo ya tatu ya 2020 matumizi ya fedha kwenye bangi halali yalikuwa yamezidi ya magendo.

Uholanzi watu hudhani imehalalisha. La. Tangu 1976 inavumilia tu: mgahawa wa bangi unaweza kumuuzia mteja hadi gramu 5 mlango wa mbele, lakini mzigo unaoingia mlango wa nyuma ni haramu mpaka kesho. Ili kuondoa kichekesho hicho, serikali ilichagua manispaa kumi ambamo migahawa inunue kwa wakulima wenye idhini. Breda na Tilburg zilitangulia Desemba 2023, na majaribio kamili yakaanza Aprili 2025. Watafiti wa nje, RAND Europe wakiwamo, wanazilinganisha na miji iliyobaki na utaratibu wa zamani.

Uswisi ilikwenda mbali zaidi: ilitumia bahati nasibu. Katika jaribio la Basel lililoanza Januari 2023, wavutaji waliojitolea waligawanywa bila upendeleo. Baadhi walianza kununua duka la dawa mara moja, na wengine waliambiwa wangoje miezi sita, wakitumika kama kundi la kulinganishia. Mwanasiasa gani wa kwetu angekubali kusema hadharani "sijui, ngoja tujaribu"? Ujerumani, iliyoruhusu kumiliki na kulima Aprili 2024, ilijifunga kwa tarehe: tathmini ya kwanza baada ya miezi 18, ya pili baada ya miaka miwili, ya mwisho baada ya minne.

Je, wajua kwamba malengo mazuri yanaweza kukosa mpimaji? Agosti 2013 naibu mwanasheria mkuu wa Marekani, James Cole, aliwaelekeza kwa waraka waendesha mashtaka wa serikali kuu wasiyaingilie majimbo yaliyohalalisha mradi mambo manane yazingatiwe, kama vile bangi isiwafikie watoto, isilipe magenge na isivuke mipaka ya majimbo. Orodha safi. Wakaguzi wa Bunge walipokuja kuuliza Wizara ya Sheria inafuatiliaje mambo hayo manane, walikuta haijaweka utaratibu huo kwenye maandishi. Januari 2018 waraka wenyewe ukafutwa.

Kipimo kingine kinachopotosha ni damu ya dereva. Pombe hutoka mwilini kwa mwendo unaokadirika. THC hujificha kwenye mafuta, na mvutaji wa kila siku anaweza kukutwa nayo muda mrefu baada ya ulevi kuisha. Washington na Colorado ziliweka nanogramu 5 kwa mililita ya damu, Ujerumani 3.5 kwenye majimaji ya damu (seramu). Kwa hiyo takwimu ya "madereva waliokutwa na bangi" katika ajali haikuambii ni wangapi walikuwa wamelewa.

Afrika? Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anayevuta faraghani ana haki yake, na sheria ya kulitimiza hilo ilisainiwa Mei 2024. Kuuza bado ni kosa, hivyo unaruhusiwa kuwa nayo lakini si kuinunua. Umoja wa Mataifa ulipopiga kura Desemba 2020 kuitoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari kabisa, matokeo yalikuwa 27 kwa 25. Waafrika waliounga mkono walikuwa Morocco na Afrika Kusini.

Afrika Mashariki bangi ya starehe ni jinai, na hesabu tunayoisikia zaidi kwenye taarifa ya habari ni ya magunia yaliyokamatwa na ekari zilizofyekwa. Magunia yakiongezeka, je, mashamba yameongezeka au doria? Hesabu hiyo hupima kazi ya askari; kuhusu mvutaji haisemi kitu. Kenya angalau ina utafiti wa kaya: ule wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa 2022 ulikuta mtu 1 kati ya 53 wa miaka 15 hadi 65 anatumia bangi. Hata serikali isiyo na nia yoyote ya kuhalalisha inahitaji namba kama hiyo, na iirudie kila baada ya miaka michache kwa dodoso lilelile.

Na turudi Washington. Sheria yake ya 2012 iliiagiza taasisi ya utafiti ya jimbo itathmini faida na hasara, na kutoa ripoti mara nne: 2015, 2017, 2022 na 2032. Duka la kwanza lilifunguliwa Julai 2014. Mtoto aliyezaliwa wiki hiyo atakuwa na miaka 18 ripoti ya mwisho ikitoka, na atabakiwa na mitatu kabla ya kuruhusiwa kununua.